Kusaga meno usingizini

Kusaga meno ni kazi ya misuli ya taya inayofanyika bila kukusudia: usiku kwa kuyasugua meno ya juu na ya chini, mchana kwa kuyauma kwa nguvu. Makubaliano ya wataalamu wa nchi mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2018 hayaiti hali hii ugonjwa kwa mtu mwenye afya njema. Ni mwenendo wa misuli unaoweza kuleta madhara. Kwa hiyo swali la kwanza la tiba si namna ya kuukomesha, bali namna ya kuliokoa jino. Enameli, tabaka la nje la jino, ni ngumu kuliko mfupa, lakini haina chembe hai za kuijenga upya; ikilika, imekwenda.

Hapo ndipo ilipo thamani ya kinga ya akriliki, inayotengenezwa kwa kipimo cha kinywa cha mgonjwa na kuvaliwa wakati wa kulala. Wapo wanaoipinga kwa hoja kwamba haiondoi chanzo, na ni kweli: wengi huendelea kusaga wakiwa wameivaa. Lakini itazame baada ya miezi kadhaa, uone mikwaruzo inayong'aa pale magego yalipopita. Bila kinga, mikwaruzo hiyo ingekuwa kwenye jino. Kinachopaswa kuogopwa zaidi ni kuchonga meno ili yakutane vizuri. Msukumo wa kusaga hutoka kwenye ubongo, mtu anapozinduka kidogo usingizini, na mapigo ya moyo huongezeka kabla taya halijaanza kusaga. Kuchonga hakugusi chanzo hicho, na hupunguza enameli ileile tunayoitetea.

Wazazi wengi hulaumu minyoo. Mtoto mwenye minyoo apewe dawa, kwa kuwa minyoo ina madhara yake, ila haijathibitika kwamba ndiyo inayosababisha kusaga meno. Watoto wengi huacha wenyewe wakikua. Kwa mtu mzima, pombe, sigara na kahawa ya jioni huongeza tatizo, na baadhi ya dawa za sonona pia, ambazo hazipaswi kuachwa bila kumwona daktari. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini apimwe kwanza kabla ya kutengenezewa kinga. Mchana, mtu ajizoeze kufunga midomo huku meno yakiwa yameachana, kwa sababu taya lililopumzika haligusanishi meno.