Neno "don" lilivyofika Makerere

Msomaji wa magazeti ya Kiingereza ya Nairobi na Kampala hukutana mara kwa mara na neno "don" katika vichwa vya habari. Anayetajwa ni mwalimu wa chuo kikuu, ingawa asiyelizoea aweza kudhani amekamatwa mkuu wa genge la mafia.

Asili yake ni neno la Kilatini "dominus", yaani bwana mwenye nyumba. Wahispania walilifupisha likawa cheo cha heshima kinachotangulia jina la mtu. Waingereza walilitumia kwanza kwa mabwana wa Kihispania, kisha kwa dhihaka kwa yeyote aliyejiona mkubwa, na katika karne ya 17 likawaangukia walimu wa Oxford na Cambridge. Kejeli ikafifia, jina likabaki.

Hata hivyo, Makerere haikulelewa na Oxford. Mwaka 1949 ilifungamana na Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake wakatunukiwa shahada za London, kabla ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1963. Jijini London kwenyewe ni nadra mhadhiri kuitwa "don". Afrika Mashariki neno limedumu, pengine kwa kuwa lina herufi tatu tu, nazo nafasi za vichwa vya habari ni finyu.

Kiswahili hakikuhitaji ubwana huo. Neno mhadhiri limetoka Kiarabu, katika mzizi uleule wa hadhara na kuhudhuria: ni mtu asemaye mbele ya waliohudhuria.