Pedi Ilizaliwa Mlimani

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Katesh. Akanipa shikamoo, nikaitikia, na kabla sijauliza kama mvua imenyesha huko Hanang akaingia kwenye lake. "Mjomba, kuna siku ya kukimbiza magari uwanjani kule Kenya. Wanaruhusu gari la kawaida, hili hili la kutembelea. Nataka kwenda na Impreza yangu. Nifunge pedi gani za breki?"

Nikamwambia nitampigia. Alidhani nimekwenda kuuliza bei kwenye maduka ya spea. Kumbe swali lake lilinipeleka mbali zaidi: kwa marehemu baba yangu, kwa Mlima Magara, na kwa mwanamke mmoja wa Ujerumani aliyesimama kwa fundi viatu mwaka 1888. Mmezoea nikiwaletea riwaya na diwani. Leo nivumilieni, nawaletea historia ya kitu kinachoenea kiganjani, ambacho wengi wetu hatukumbuki kama kipo mpaka siku kinapogoma.

Agosti 1888, Bertha Benz aliondoka Mannheim na wanawe wawili katika gari alilotengeneza mumewe, Carl Benz. Alikuwa anakwenda kwa mama yake Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100. Breki za gari lile zilikuwa vipande vya mbao vinavyokandamiza gurudumu. Kwenye miteremko mbao zikaanza kwisha. Bertha akasimama kwa fundi viatu, akaomba zipigiliwe ngozi. Ngozi ile ndiyo inayotajwa kuwa pedi ya kwanza ya gari.

Miaka michache baadaye, Uingereza, alitokea mtu anayeitwa Herbert Frood. Inasimuliwa kwamba katika milima ya Derbyshire aliwaona wakulima wakipigilia buti kuukuu kwenye breki za mikokoteni ili ishuke salama na mizigo. Akaanza kutafuta kitu bora kuliko buti, na kazi aliyoianza mwaka 1897 ndiyo iliyozaa kampuni ya Ferodo. Nikisoma habari hiyo nawaona kabisa vijana wetu wa Hanang na katambuga zao za tairi miguuni. Mkulima wa Derbyshire na kijana wa Kidatoga wangeelewana vizuri: kilichokwisha kazi huku kina kazi kule. Na mpaka leo kile kinachosugua ndani ya breki ya dramu kinaitwa kiatu.

Naomba tuliangalie jambo hilo kwa makini, kwa sababu ndilo jibu langu kwa mpwa wangu. Pedi haikuzaliwa kwenye uwanja wa mashindano. Ilizaliwa mlimani, na mama wa watoto wawili na wakulima waliotaka kufika nyumbani.

Ngozi na buti havikudumu. Frood alijaribu pamba, kisha akahamia kwenye asibesto, kwa kuwa asibesto haishiki moto. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 dunia nzima ilifunga breki kwa asibesto, na sisi tukiwamo. Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa magari Mbulu mjini. Namkumbuka akifungua dramu ya Landrover, akiinama, na kupuliza vumbi la ndani kwa mdomo kama mtu anayepuliza moto wa kuni. Sisi watoto tulikuwa tumechutama pembeni. Hakuna aliyetuambia kwamba vumbi la asibesto likiingia mapafuni huweza kuleta saratani. Umoja wa Ulaya uliamua kuipiga marufuku mwaka 1999. Baba mdogo alikuwa ameshastaafu, na kikohozi chake tulikizoea.

Sasa turudi kwenye mbio. Mwaka 1953, kuanzia Mei 27 hadi Juni 1, yalifanyika mashindano ya kwanza ya magari ya Safari, yaliyoanzishwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalitakiwa kuwa yale yale yanayouzwa dukani, tena yaligawanywa madaraja kwa bei yake. Yaani wazo la mpwa wangu la kuchukua gari la kutembelea na kulikimbiza lina zaidi ya miaka 70 Afrika Mashariki. Wiki mbili tu baada ya Safari ile, huko Le Mans nchini Ufaransa, Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda mbio za saa 24 wakiwa na Jaguar yenye breki za diski. Dunia ikaanza kuamini diski.

Tofauti ni hii. Dramu ikipata moto hutanuka, na kwa kutanuka inakimbia viatu vilivyo ndani yake. Pedali inazidi kuzama. Diski ikipata moto hutanuka kuelekea kwenye pedi, na kwa kuwa iko wazi, upepo unaipoza. Lakini teknolojia haikufika huku siku ile ile. Volvo PV544 ambayo Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishindia Safari mwaka 1965 ilikuwa na dramu magurudumu yote manne. Peugeot 404 ya Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, nayo ilishinda mwaka 1966 na 1967 kabla aina hiyo ya gari haijapewa diski za mbele.

Katika miaka hiyo ya 1960 njia ya mbio ilipita Mbulu na ukuta wa Magara, pale nchi ya juu inapokatika ghafla na Ziwa Manyara kuonekana chini kama bati jipya. Mbio zilikuwa wakati wa Pasaka, na Pasaka kwetu ni masika. Mwaka 1963 magari yaliyoanza yalikuwa zaidi ya 80, yaliyomaliza yalikuwa 7. Mwaka 1968 hadithi ikajirudia: 7 tena, na mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na Peugeot 404.

Baba alikuwa mwanafunzi wakati huo. Alikuwa akituambia kwamba walitoroka kwenda kusimama kando ya barabara tangu alfajiri, wamejifunika mashuka kwa baridi. Nilitegemea atasimulia mwendo na kelele. Yeye alisimulia harufu. "Gari linapita, halafu inakuja harufu kama ya nguo inayoungua na pasi." Nilikuwa mtu mzima kabisa nilipoielewa harufu ile.

Ilikuwa mwaka 2015. Nilikuwa nashuka Magara na Noah, nyuma magunia ya vitunguu saumu ya kupeleka Arusha, kando yangu mama anayekwenda kliniki. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimebadilisha pedi. Dukani niliuliza swali moja tu: ipi ya bei nafuu? Nikapewa boksi lenye maandishi mazuri, fundi akafunga, nikalipa, basi. Mjini zilishika vizuri tu.

Nilishuka gia ikiwa D, mguu ukiwa juu ya breki muda wote, kama wengi wetu tunavyofanya. Katikati ya mteremko nikasikia ile harufu ya baba. Harufu ya vitunguu saumu ilikuwa imejaa ndani ya gari lakini hii iliipita. Kona iliyofuata nikakanyaga breki, pedali ikawa ngumu kama nakanyaga jiwe, na gari halipungui. Nikavuta gia mpaka L, injini ikalia, nikapandisha breki ya mkono kidogo kidogo na kulibana gari kwenye ukingo wa upande wa mlima. Likakwaruza udongo na kusimama. Kijana wa bodaboda alisimama akaweka mawe mbele ya matairi. Mama hakusema neno. Alishuka, akatandika kitenge chini, akakaa. Tulikaa pale saa nzima mpaka diski zikapoa.

Baadaye nilipiga hesabu. Breki kazi yake ni moja: kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,400 likishuka mita 600 kwenda chini, joto linalotakiwa kwenda mahali fulani linatosha kuchemsha ndoo nzima ya lita 20 na kubaki. Ni sawa na kulisimamisha gari hilo mara 15 kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Upepo na injini huchukua sehemu yake. Ukiweka gia ya chini, injini inachukua nyingi. Ukiacha gia ya juu, unaziachia karibu yote pedi nne za mbele na wenzake wa nyuma. Uwanjani ni joto lile lile, ila linakuja kwa makofi: unakanyaga kwa nguvu kabla ya kona, unaachia, kona nyingine, tena. Kwa hiyo anayeshuka Magara vibaya na anayezunguka uwanja kwa kasi wanaugua ugonjwa mmoja.

Nilipompigia mpwa wangu, nilianzia hapo. Nikamwambia kila pedi ina nyumba yake ya joto. Za kawaida za mtaani, hasa zile za kauri, hushika toka asubuhi baridi, hazipigi kelele, hazichafui rimu. Lakini joto likivuka kiasi cha nyuzi 350 au 400, nyingi huanza kuteleza. Zenye unga mwingi wa chuma huvumilia zaidi, ila hulia na kula diski. Za mashindano halisi hufanya kazi kwenye nyuzi 600 bila wasiwasi, lakini zikiwa baridi hazishiki. "Sasa wewe fikiria," nikamwambia, "umetoka Dongobesh kwa bibi yako saa 12 asubuhi, ukungu, unafika kwenye ukuta wa Dareda, ng'ombe wamekatiza kwenye kona ya kwanza. Pedi zako bado zimelala."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Lakini uwanjani zitaniokoa."

"Uwanjani utakuwa siku moja. Kutoka Katesh hadi huko ni zaidi ya kilomita 400, na kurudi ni hizo hizo."

Nikamwelekeza aangalie ubavuni mwa pedi. Nyingi zina herufi mbili. Ya kwanza inaonyesha jinsi inavyoshika ikiwa na joto la kawaida, ya pili jinsi inavyoshika ikiwa moto. E ni hafifu, F ni ya kati, G ni kali. Pedi yenye FE inakuambia yenyewe kwamba ikipata moto inalegea. FF haibadiliki sana. Lakini kipimo hicho huishia kwenye nyuzi 340 hivi, na uwanja huenda mbali zaidi. Kwa hiyo herufi zinakusaidia kukataa pedi mbaya, hazikuhakikishii pedi ya mbio. Kwake nilishauri aina ya katikati, inayouzwa kwa magari ya mtaani yanayoendeshwa kwa kasi: inashika ikiwa baridi, na mtengenezaji ametaja kiwango cha joto kinachozidi nyuzi 500. Asiponiletea karatasi yenye kiwango hicho, asinunue. Na boksi zuri si karatasi.

Kisha mafuta ya breki. Haya hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230. Ikishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi sakafuni. Kwa hiyo pedali ngumu isiyosimamisha gari ni pedi zimechoka. Pedali laini inayozama ni mafuta yamechemka. Nilimwambia abadilishe yote kabla ya safari, hata kama fundi atasema bado yapo.

La mwisho ni kuzizoesha. Pedi mpya haziendi uwanjani siku hiyo hiyo. Tafuta barabara tupu, kama ile iliyonyooka kati ya mashamba ya ngano ya Basotu, punguza mwendo kutoka 80 hadi 20 mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu zipoe. Na uwanjani, mizunguko michache ya kasi, mmoja wa kupoza. Ukiegesha usivute breki ya mkono diski zikiwa moto.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Sikumwambia asiende. Baba yangu alitoroka shule kuona magari yakipita. Nani mimi nimzuie mjukuu wake?

Juzi alinitumia picha ya pedi zake mpya kwa simu, ubavuni FF, na karatasi ya mtengenezaji imewekwa kando yake. Alikuwa ameshazizoesha Basotu na kupanda Dareda kumchukua bibi yake kumleta Katesh.

"Zinalia kidogo asubuhi, mjomba," akasema.

"Bibi yako kasemaje?"

"Alinusa hewa njia nzima. Halafu kaniambia niweke gia namba mbili."