Breki za Mafuta: Zilikotoka na kwa Nini Zinataka Mafuta Mapya

Kama unaendesha pikipiki ya magurudumu manne shambani, bila shaka unakagua oili ya injini na upepo wa matairi. Mafuta ya breki husahaulika mpaka siku breki zinapogoma mteremkoni, mzigo ukiwa nyuma. Historia ya breki hizi inaonyesha kwa nini mafuta ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Katika karne ya 17, Mfaransa Blaise Pascal alieleza kwamba ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, nguvu husambaa sawasawa pande zote. Hata hivyo, magari ya mwanzo yalivuta breki kwa fimbo na waya. Waya mmoja ukilegea, gurudumu moja hushika kabla ya jingine na gari huvutwa upande.

Mwaka 1917, Malcolm Loughead wa Marekani alipata hataza ya breki za mafuta. Mwaka 1921 gari la Duesenberg Model A lilizifunga kwenye magurudumu yote manne, na mwaka 1924 Chrysler ikafuata. Tatizo lilikuwa kuvuja, kwa sababu silinda zilizibwa kwa vikombe vya ngozi. Wahandisi wa Chrysler wakaweka vya mpira.

Mpira nao ulikuja na sharti lake: oili ya injini huuvimbisha na kuuharibu. Ndiyo maana mafuta ya breki ya zamani yalichanganywa kwa spiriti na mafuta ya nyonyo, zao ambalo wakulima wengi mnalijua.

Mafuta yanayotumika sana leo, DOT 3 na DOT 4, hayadhuru mpira wa breki, lakini hunyonya unyevu wa hewa. Kwa viwango vyake, DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Ukishuka mlima mrefu huku umebana breki, joto huyachemsha mafuta yaliyochoka. Mvuke hubonyea, hivyo unabana mpaka mwisho na chombo hakisimami.

Kwa hiyo fanya haya:

1. Soma aina ya mafuta kwenye mfuniko wa kikopo cha breki. Usiweke oili ya injini hata kidogo.
2. Badilisha mafuta kila baada ya miaka miwili, au mapema kama kitabu cha chombo kinavyoelekeza. Tumia chupa ambayo haijafunguliwa.
3. Futa vumbi kabla ya kufungua mfuniko.
4. Toa upepo: mwenzako abane breki, wewe ulegeze nati ya kutolea upepo, kisha uikaze kabla hajaachia. Rudieni mpaka mapovu yaishe, na msiache kikopo kikauke.
5. Kagua paipu kama zina nyufa au zinavuja, na unene wa pedi.
6. Mafuta yakidondokea rangi, osha kwa maji mara moja.

Ukimaliza, jaribu breki mahali tambarare, polepole, bila mzigo. Zikibonyea kama sifongo, bado kuna upepo ndani. Usipeleke chombo mlimani wala usimpakie mtu.