Wapagazi wa Unyamwezi na Njia ya Pwani

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, karibu kila pembe ya ndovu iliyotoka bara kwenda pwani, na karibu kila jora la merikani lililopanda kutoka Bagamoyo, lilisafiri juu ya bega la mtu. Mbung'o na maradhi yaliwamaliza wanyama wa mizigo. Wamisionari wa London walijaribu mikokoteni ya ng'ombe kati ya pwani na Mpwapwa mwaka 1876 na 1877, na jaribio likashindwa kwa sababu ng'ombe walikufa njiani. Walioiweza njia hiyo ni watu, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi na jirani zao Wasukuma.

Wanyamwezi walianza kushuka pwani na pembe zao wenyewe mnamo mwaka 1800, miaka ipatayo ishirini kabla wafanyabiashara wa pwani hawajaanza kupanda bara. Waarabu na Wahindi walipojenga makazi Unyanyembe, mahali palipokuja kuwa Tabora, walikuta njia imekwisha kukanyagwa na kazi ina mafundi wake. Jambo hili linafaa kusisitizwa, kwa sababu hadi leo wapo wanaomchora mpagazi kama mtumwa mwenye mnyororo shingoni. Watumwa walipita njia hiyo, na mateso yao hayana ubishi. Lakini Mnyamwezi aliyebeba pembe kwa kawaida alikuwa mtu huru aliyepatana ujira kwa nguo au kwa reale, aliyejua thamani yake, na aliyegoma au kuondoka mapatano yalipovunjwa. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora Novemba 1857 na ambaye hakuwa na ulimi laini kwa Waafrika, aliandika kwamba kwa mpagazi kutoiba mzigo aliokabidhiwa lilikuwa jambo la heshima.

Kazi ilifuata majira. Wanyamwezi wengi walikuwa wakulima, hivyo walipenda kusafiri kiangazi, baada ya mavuno, na kurudi kwa wakati wa kulima. Safari kutoka Tabora hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 800 kwa njia ya miguu, ilichukua miezi miwili au mitatu, na zaidi palipokuwa na njaa au vita. Kwa vijana, safari hiyo ilikuwa mlango wa utu uzima. Alfred Swann, Mwingereza aliyeishi kwenye Ziwa Tanganyika miaka ya 1880, alielezwa kwamba kijana wa Kinyamwezi hakuruhusiwa kuoa kabla ya kupeleka pembe pwani na kurudi na nguo au waya wa shaba nyeupe. Huenda desturi haikuwa kali hivyo kila mahali, lakini ni kweli kwamba asiyeijua pwani alionekana bado mtoto.

Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu yake mpagazi aliweka mkeka wake, chungu, chakula na silaha. Nguo zilikunjwa na kukazwa zikawa kama mto mrefu, kisha zikafungwa kwenye vijiti. Mpagazi alipotaka kupumzika aliuegemeza mzigo kwenye mti, ukasimama bila kugusa umande, naye akauchukua tena bila kuinama. Waya ulizungushwa kwenye ncha mbili za mti, ukabebwa mzegazega. Waliobeba pembe ndio waliojiona mabwana wa msafara. Kwenye ncha ya pembe walining'iniza kengele ya ng'ombe, iliyolia kila hatua, na vitu vyao vidogo vya safari waliviambatanisha na pembe hiyohiyo.

Mbele ya wote alitembea kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, amevaa ngozi ya mbega na manyoya kichwani, ameshika bendera nyekundu, na nyuma yake mpiga ngoma. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Aliyethubutu alichomolewa mshale kwenye podo lake, ili jioni atambulike kwa mshale huo na alipe faini. Kirangozi alijua visima, alijua kambi zenye boma la miiba, na alijua wakati wa kufanya telekeza: kupika na kunywa mchana, kisha kuondoka jua likiwa kali na kulala porini bila maji, ili kesho yake asubuhi kisima kifikiwe. Bila ujuzi huo hapakuwa na kuvuka Mgunda Mkali, pori kavu lililotenganisha Ugogo na Unyamwezi.

Wimbo ulikuwa kifaa cha kazi. Kirangozi alianzisha, msafara mzima ukaitikia, na mwendo wa miguu ukashika mapigo. Waliimba juu ya njaa, hongo (ushuru wa kupita) ya Ugogo, uchoyo wa tajiri wao na wanawake wa kambi inayofuata. Mwajiri aliyebana posho alijisikia akisemwa mbele ya watu mia, na hakuwa na la kufanya. Usiku, watu waliotembea tangu alfajiri walicheza ngoma hadi moto ukafifia. Wanawake walikuwamo pia katika safari hizi, wake za wapagazi na wengine waliosafiri kwa shughuli zao, wakibeba vyungu na kupika.

Misafara miwili ya marafiki ilipokutana, virangozi walisogeleana kwa madaha, hatua na kusimama, kisha wakainama ghafla na kugongana vichwa kama kondoo dume. Wengine wakafuata kwa vurumai, na mwisho wake ulikuwa kicheko. Kundi dogo ndilo lililopisha njia. Katika mikutano ya namna hii, na katika kuuguzana na kuzikana ugenini, ndipo ulipokomaa utani wa Wanyamwezi na makabila mengi ya kutoka Ugogo hadi pwani, utani unaoishi hadi sasa misibani.

Misafara ya Wanyamwezi ilishuka pia na ng'ombe na mbuzi wa kuuza, wakiswagwa mwendo wote hadi pwani. Miaka hiyohiyo, baada ya 1865, vijana wa Marekani walikuwa wakiswaga makundi ya ng'ombe kutoka Texas hadi vituo vya reli vya Kansas, nao wakiimba usiku kutuliza wanyama. Kazi hizo mbili zinafanana kwa mengi: umbali, posho, ujira mwisho wa safari, sifa ya kijana aliyerudi. Tofauti ni kwamba wachunga ng'ombe wa Texas walipata vitabu na sinema, ilhali wapagazi wengi wameachwa bila jina katika vitabu vya waajiri wao.

Vita vya Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, na Waarabu wa Tabora, vilivyoanza 1871, viliifunga njia ya Ujiji mara kwa mara, na mwandishi wa habari Stanley alilazimika kuzunguka kusini kumfuata mmisionari Livingstone huko Ujiji. Upagazi ulistahimili vita hivyo, ukastahimili hata kuingia kwa Wajerumani. Ulioumaliza ni mvuke. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Wanyamwezi walikuwa miongoni mwa walioijenga, na wengine wakaelekea mashamba ya mkonge. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, uchukuzi ulirudi kwa sura mbaya zaidi: pande zote mbili zilikamata watu kwa nguvu wabebe mizigo ya majeshi, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na magonjwa. Kazi ya hiari na ya majivuno ikawa kazi ya kushurutishwa.

Nyimbo hazikufa pamoja na misafara. Mtindo wa kiongozi na waitikiaji ulifaa vilevile katika vikundi vya kulima kwa pamoja, na Frank Gunderson, mtafiti wa muziki kutoka Marekani, alichapisha mwaka 2010 mkusanyiko mkubwa wa nyimbo za kazi za Wasukuma.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Jina lililoandikwa humo ni la njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Wapagazi, waliozibeba pembe hizo, wanastahili kutajwa nao.