Kwa nini mtoto husahau fizikia mtihani ukishapita

Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuandika kanuni za Newton bila kukosea neno. Mwulize mwaka unaofuata: jiwe la kilo 1 na jiwe la kilo 5 yakidondoshwa pamoja kutoka juu ya mwembe, lipi litatangulia kufika chini? Wengi hujibu lile kubwa. Ukweli ni kwamba yanafika karibu wakati mmoja.

Si uvivu. Mtoto huingia darasani akiwa tayari na mawazo yake kuhusu vitu vinavyoanguka, joto na nguvu. Somo hufunika mawazo hayo bila kuyaondoa, na mtihani ukiisha yanarudi.

Chukua neno uzito. Msimu wa pamba hapa Bariadi, Maswa au Meatu, mkulima akipima kwenye AMCOS anaambiwa uzito ni kilo 50. Kwenye fizikia, kilo 50 ni tungamo, yaani kiasi cha pamba yenyewe. Uzito ni nguvu ambayo dunia inauvuta mzigo huo, takriban nyutoni 500. Maana ya sokoni mtoto anaisikia kila mwaka. Ya darasani aliisikia siku chache tu, tena kwa Kiingereza, baada ya shule ya msingi ya Kiswahili, na nyumbani wengi wanaongea Kisukuma. Hapo ndipo anaposhika maneno na kuacha maana.

Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, mwaka 1963 alipoona maziwa ya moto aliyoyaweka kwenye friza yakiganda kabla ya yaliyopoa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, swali alikuwa nalo bado, akamuuliza mhadhiri Denis Osborne, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Jambo aliloliona mwenyewe halikumtoka.

Kukumbushwa nako kuna namna yake. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari za kusoma. Waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi baada ya dakika 5. Baada ya wiki, waliojipima kwa kuandika walichokumbuka ndio walioongoza, kwa mbali.

Kwa hiyo mzazi, hata kama hukusoma fizikia, unaweza kumuuliza mtoto daftari likiwa limefungwa: leo, wiki ijayo, kisha likizo ya Juni. Ajibu hata kwa Kisukuma. Usitake jina la kanuni, taka sababu. Kwa nini maji ya mtungi yanapoa? (Yanapenya kwenye udongo na kukauka nje, yakiondoka na joto.) Kwa nini toroli huwa jepesi mzigo ukiwa karibu na gurudumu? Akisema hilo walisoma zamani, mpe toroli apakie mfuko karibu na gurudumu anyanyue, kisha auvute karibu na mishikio anyanyue tena.