Visima vya Mji Mkongwe na Maji ya Sayyid Barghash

Mji Mkongwe wa Unguja ulijengwa kwenye rasi ya Shangani, juu ya mwamba wa matumbawe, yaani mawe yaliyotokana na viumbe vya baharini, yenye vitundu vingi vinavyopitisha maji upesi. Maji ya mvua hupenya mwambani na kuelea juu ya maji ya chumvi yaliyo mazito zaidi, na tabaka hilo jembamba la maji baridi ndilo lililofikiwa na visima vya mji. Lakini mwamba huohuo ulipokea pia uchafu wa vyoo vya shimo, na kwa kuwa hapakuwa na udongo mnene wa kuuchuja, kilichoingia katika shimo la nyumba moja kiliweza kufika katika kisima cha nyumba ya pili.

Kipindupindu, ugonjwa unaoenezwa hasa na maji yaliyochanganyika na kinyesi, kiliupiga mji mwaka 1858 na 1859, kisha tena 1869 na 1870. Mlipuko huo wa pili ulishuhudiwa na daktari Mskoti, James Christie, ambaye kitabu chake kilitoka London mwaka 1876. Katika London yenyewe, mwaka 1854, daktari John Snow alikwisha kuonyesha kwamba vifo vya kipindupindu katika mtaa wa Broad Street vilitokana na pampu ya kisima kimoja, nayo ikaondolewa mpini. Unguja hatua kama hiyo isingefaa kitu, kwani aliyekatazwa kisima kimoja angekwenda kuteka katika kingine kilichochimbwa kwenye mwamba uleule.

Sayyid Barghash bin Said, sultani aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alitafuta maji mbali na mji, akayaleta ya chemchemi kutoka upande wa kaskazini kwa mfereji na mabomba. Kabla ya hapo aliwahi kuishi uhamishoni Bombay, ambako maji ya ziwa la Vihar yalianza kufikishwa mjini mwaka 1860, na ni vigumu kuamini kwamba aliyoyaona huko hayakumwathiri. Kuyatoa maji mbali na mji ndiko kulikokuwa hifadhi ya kweli, kwa sababu kilichoyalinda maji ya chemchemi ni ardhi ya juu yake, iliyokuwa mashamba yasiyo na msongamano wa nyumba. Chemchemi za Mtoni na Bububu, upande huohuo wa kaskazini, bado zinaupatia mji maji, huku makazi mapya, pamoja na mashimo yake ya vyoo, yakizidi kuzisogelea.