Majoka Katika Vitabu vya Watoto

Wasikilizaji wangu, jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za vitabu vya picha wapewavyo watoto, na hasa picha za wanyama ambao hawakuwako duniani kamwe: joka lenye mabawa litoalo moto kinywani, farasi mwenye pembe moja katika paji la uso, na ndege aitwaye Phoenix, ambaye husimuliwa kwamba huungua akawa majivu, kisha huondoka mzima katika majivu yale yale.

Habari hii naliipata kwa sababu ya swali la mtoto. Nilipokuwa kijana katika kazi ya ualimu, nalikuwa na kitabu kimoja cha Kizungu chenye picha, nikawaonyesha wanafunzi wangu. Tulipofika penye picha ya joka, mtoto mmoja wa safu ya nyuma akauliza, "Mwalimu, mnyama huyu hupatikana nchi gani?" Nami, kwa kuwa sikutaka kuonekana sijui, nikajibu, "Ulaya." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, juma lililopita ulituambia kwamba zimwi la hadithi za bibi zetu ni uongo mtupu. Je, joka la Ulaya ni kweli?"

Naliona haya, nikageuza maneno, tukaingia katika hesabu. Walakini swali lile halikuniacha. Nikaanza kutafuta jinsi Wazungu wenyewe walivyowafundisha watoto wao habari za wanyama hao, nikaona kwamba nao walitangatanga muda mrefu.

Mwaka 1658, katika mji wa Nuremberg, nchi ya Ujerumani, kilipigwa chapa kitabu cha mwalimu mmoja aitwaye Comenius. Mtu huyu alizaliwa Moravia mwaka 1592, akafukuzwa kwao kwa ajili ya vita vya dini, akaishi ugenini hata kufa kwake. Aliona kwamba watoto hupigwa ili wakariri maneno ya Kilatini wasiyoyajua maana, akasema heri mtoto aone kitu kwanza, kisha asikie jina lake. Basi akatunga kitabu chenye picha zilizochongwa juu ya ubao: mawe, miti, samaki, kazi za mafundi, hata viungo vya mwili, na kila kitu kina jina lake kwa Kilatini na kwa Kijerumani. Kitabu kile kilienea Ulaya yote, na mwaka uliofuata kikatolewa kwa Kiingereza.

Sasa tazameni ajabu yake. Katika sura ya nyoka na vitambaavyo, Comenius ametia nyoka mwenye mabawa auaye kwa pumzi yake, na mwingine auaye kwa macho. Nao wamekaa pamoja na nge, kana kwamba wote hukutwa chini ya jiwe moja. Na katika sura ya wanyama wa mwitu yumo yule mwenye pembe moja, na mtoto hufundishwa kwamba pembe yake ni ya thamani kubwa.

Nawaomba msimcheke. Pembe zile zilikuwa zikiuzwa kweli, tena kwa fedha nyingi, maana watu waliamini kwamba huondoa sumu. Aliyetaka kubisha aliweza kuonyeshwa pembe yenyewe, ndefu, nyeupe, iliyosokotwa kama kamba. Mwaka 1638 tabibu wa Denmark, jina lake Ole Worm, alionyesha kwamba ile si pembe ya farasi yeyote, bali ni jino la narwhal, mnyama wa jamii ya nyangumi akaaye katika bahari za barafu kaskazini. Lakini habari yake haikuwafikia watu upesi. Tena mtoto wa Nuremberg hakupata kumwona tembo wala kifaru. Kwake yeye tembo na joka walikuwa habari ya kusikia tu, na kitabu ndicho kilichokuwa shahidi wa wote wawili.

Ikapita miaka zaidi ya mia. Mwaka 1790, katika mji wa Weimar, Bwana Bertuch alianza kutoa kitabu cha picha kwa watoto, kidogo kidogo, hata kilipotimia mwaka 1830, miaka minane baada ya kufa kwake, kilikuwa majuzuu 12. Picha zake zapita elfu, zimechorwa juu ya bamba za shaba na kutiwa rangi kwa mkono. Bertuch alitaka mtoto akichezee kitabu kile kama kitu chake, hata akate picha na kuzibandika juu ya karatasi ngumu, mradi mwalimu ampe ruhusa. (Mimi nisingempa, maana kwetu kitabu kimoja kilisomwa na watoto wanne.)

Bertuch hakuwafukuza majoka. Aliwachora kwa uzuri ule ule aliomchora tembo, joka na Phoenix na wenzao, lakini aliwatenga katika ukurasa wao, akawaita wanyama wa hadithi. Mtoto akifunua pale ajua kwamba amevuka mpaka. Naona kazi ile ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: hakumwambia mtoto kwamba bibi yake ni mwongo, wala hakumwacha akitafute kiumbe kile mwituni.

Tena mpaka wenyewe hausimami daima. Katika Alfu Lela Ulela twasoma habari za Sindbad Baharia na ndege Rukh, mkubwa hata hubeba tembo, na wachoraji wa vitabu vya watoto wamempenda sana ndege huyu. Marco Polo naye alisimuliwa habari zake, akaambiwa makao yake ni pande za Madagaska. Wenye elimu walicheka. Kisha mwaka 1851, huko Paris, Isidore Geoffroy Saint-Hilaire akaeleza habari za mifupa na mayai yaliyoletwa kutoka Madagaska, yai moja likipita urefu wa sentimita 30, na ndani yake hujaa mayai ya kuku zaidi ya mia. Ndege yule alikuwako kweli, naye amekwisha kabisa zamani. Walakini hakuruka, wala hakubeba tembo. Alikuwa ndege wa kutembea, mrefu kama mita tatu, alaye majani na matunda. Huenda mabaharia waliyaona mayai, wakamtunga ndege wa kuyastahili.

Hata nikarudi kwa wanafunzi wangu, nikakiri kwamba nalikosa juu ya joka. Kisha nikawapa kila mmoja karatasi, nikawaambia wamchore zimwi kama walivyosikia kwao. Wakamchora wa jicho moja, wa mkia, wa kinywa kisogoni. Yule wa safu ya nyuma akaniletea karatasi tupu. Nikamwuliza sababu. Akasema bibi yake amemwambia kwamba waliomwona hawakurudi kueleza sura yake.